Pesa ya chama tugawe kwa kipimo gani?

Wadau, chama chetu hapa Nyalenda, Kisumu, kina shilingi 60,000 ya kusaidia familia 12. Wengine wanataka kila familia ipate 5,000 sawa kwa sawa, wengine wanasema mwenye shida zaidi apewe zaidi, sasa shida unaipima aje?

— Usipime kwa furaha, aki. Kuna mama huku Dunga anauza omena, ukimuuliza atakwambia niko sawa Mungu ni mwema, kumbe amezoea kukosa tu. Amartya Sen, yule wa Nobel ya uchumi 1998, alikazania hiyo sana, angalia mtu anaweza kufanya nini na maisha yake.

— Na utaonaje kile mtu anaweza? Rawls, yule mwanafalsafa wa Marekani, tangu 1971 alisema tuhesabu mapato, nafasi, haki. Hizo zinaonekana.

— Zinaonekana ndio, lakini 5,000 ya mtu wa kiti cha magurudumu si 5,000 yangu, yeye kufika Kondele ni tuktuk kila siku, mimi naenda kwa mguu!

— Basi kesho tuanze kwa kuuliza nani hawezi kufika kliniki na watoto wa nani hawaendi shule, hiyo ya sawa kwa sawa mimi nimeiacha.