Kwa nini rula iliyosuguliwa haiwashi balbu?

Swali:
Nilisugua rula ya plastiki kwa kitambaa kikavu cha sufu, nikaisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo vikairukia. Nimesoma kwamba umemetuli, yaani umeme wa chaji zilizotulia mahali pamoja, huweza kufikia maelfu ya volti. Mbona basi rula hiyo haiwashi balbu ya tochi, ambayo betri ya volti 1.5 huiwasha bila shida?

Jibu la kwanza:
Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulomu (kipimo cha kiasi cha chaji), kwa hiyo volti nyingi zenye chaji kidogo hutoa nishati kidogo tu. Chaji iliyo juu ya rula haifikii hata sehemu moja ya milioni ya kulomu, ilhali balbu inayotumia mkondo wa ampea 0.3 huhitaji kulomu 0.3 zipite ndani yake kila sekunde. Tena plastiki ni kihami, yaani haipitishi umeme, kwa hiyo chaji hubaki pale pale iliposuguliwa.

Jibu la pili:
Naafiki. Betri husukuma chaji mfululizo, mradi saketi, yaani njia ya umeme, iwe imefungwa bila kukatika.

Aliyeuliza:
Ahsanteni sana. Karatasi haikusuguliwa, inavutwaje?

Jibu la kwanza:
Swali zuri sana. Rula ikiwa na chaji hasi, elektroni za karatasi husogea kidogo upande wa mbali, upande wa karibu ukabaki na chaji chanya, na kwa kuwa huo ndio ulio jirani na rula, mvuto huushinda msukumo. Tazama kwa makini: baadhi ya vipande, vikishaigusa rula, huruka ghafla mbali nayo, kwa sababu vimepokea chaji hasi kutoka kwake, na chaji za aina moja husukumana.