Elki mara ya kwanza bila mwongozaji: ningoje dume la sita kwa sita, au nipige dume lolote halali?

KijanaWaTanga
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mwaka huu nataka kuwinda elki (yule kulungu mkubwa wa Marekani) kwa mara ya kwanza, bila mwongozaji, maana bei zao siziwezi. Nina njia mbili. Ya kwanza, ninunue kibali cha dume kinachouzwa dukani bila droo (bahati nasibu ya vibali), niingie msitu wa taifa siku tano, nisubiri dume kubwa lenye ncha sita kila upande. Ya pili, nisiende sasa, nikusanye pointi za droo, zinazokupa kipaumbele, miaka minne au mitano hadi nipate kitalu chenye madume makubwa. Mzee wangu alikuwa askari wa wanyamapori nyumbani, na ningependa nimtumie picha ya pembe za maana. Mnanishauri ipi?

Bonde_la_Ufa
Ndugu, umeuliza swali kubwa ukaacha nusu yake nyumbani. Jimbo gani? Mkazi au mgeni? Bunduki au upinde? Msimu wa ngapi? Unaenda na nani? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kuhusu safari yake mwenyewe.

KijanaWaTanga
Samahani mkuu. Colorado, nakaa Aurora. Bunduki, nimeshanunua ya risasi za .308. Msimu sijachagua. Nitakuwa peke yangu, labda binamu yangu aje wikiendi. Nilihamia hapa kutoka Dallas katikati ya Novemba.

Bonde_la_Ufa
Hiyo Novemba ndiyo jambo kubwa kuliko pembe. Colorado mkazi ni mtu aliyekaa miezi sita mfululizo kabla ya kuomba leseni. Droo inafungwa mwanzoni mwa Aprili, wewe utakuwa na miezi minne na ushee. Vibali vya dukani vinaanza kuuzwa Agosti, na hapo utakuwa umeshatimiza. Mkazi analipa chini ya dola 100 kwa elki, mgeni zaidi ya 800. Usidanganye tarehe kwenye fomu, ni kosa na utapoteza haki ya kuwinda. Kwa hiyo swali lako la njia mbili limeshajijibu nusu: mwaka huu kwa bei ya mkazi ni dukani tu, yaani msimu wa pili wa bunduki mwishoni mwa Oktoba, au wa tatu mwezi Novemba.

Nyayo_za_Asubuhi
Naongezea kuhusu hiyo "sita kwa sita", maana nadhani umeona picha nyingi za mitandaoni. Elki dume wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida ana pembe mbili nyoofu kama mikuki. Wa miaka miwili na nusu ana nne au tano kila upande, nyembamba. Ncha sita zinaanza kuonekana akikaribia miaka minne, na pembe zinafikia ukubwa wake kamili akiwa na miaka minane hadi kumi. Sasa jiulize, kwenye kitalu ambacho kila mtu ananunua kibali dukani, ni madume mangapi yanafika miaka minane? Machache sana, na hayo machache yamejifunza kukaa mahali ambapo wewe hutaki kwenda.

Kwenye vitalu hivyo, wawindaji wa dume wanaorudi na nyama ni chini ya mmoja kati ya watano. Hiyo ni dume lolote, siyo kubwa. Kitabu cha Boone and Crockett, klabu inayoweka rekodi za pembe kubwa, kinaanza kuandika elki wa pembe za umbo la kawaida kwenye alama 360 (zinatokana na vipimo vya pembe), na 375 kwa orodha ya kudumu. Dume zuri sana la ardhi ya umma linaweza kuwa na 260 au 280. Usiende na hesabu ya kitabu kile kichwani.

Mtu_wa_Nyarugusu
Mimi niko Boise, kwetu Idaho mambo ya vibali ni tofauti, lakini mlima ni mlima. Nikueleze yaliyonipata mwaka wangu wa pili, kwa sababu mtu anauliza ukubwa wa pembe na hakuna anayemuuliza ukubwa wa mgongo wake.

Nilikuwa peke yangu. Siku ya tatu, saa tisa mchana, nikaona dume la tano kwa tano chini kwenye korongo, kilomita kama tano kutoka kwenye gari. Nilifurahi mpaka mikono ikatetemeka. Nikapiga, akaanguka palepale. Nilipomfikia ndipo nikaelewa nimefanya nini. Elki dume ni kilo 300 na kitu. Huwezi hata kumgeuza peke yako. Nilimfunga mguu kwenye mti kwa kamba ili nipate kumchuna upande mmoja. Giza likaingia nikiwa nimetoa mguu mmoja wa nyuma na bega moja. Nikabeba kilo 25, nikafika garini saa tano usiku.

Kosa langu lilikuwa hili: ule mguu wa nyuma wa upande wa chini niliuacha na ngozi yake, umelaliwa na mzoga, nikijua usiku ni baridi. Usiku haukuwa baridi kiasi hicho. Niliporudi asubuhi na kuukata, nyama iliyozunguka mfupa wa nyonga ilikuwa imegeuka rangi na inanuka. Nyama nyingine yote niliitoa kwa safari nne zilizobaki, siku mbili nzima, magoti yamevimba. Lakini lile paja lote nililitupa. Nimekulia kambi ya wakimbizi, najua maana ya kusubiri mgao wa chakula. Nilikaa karibu na lile paja nikalia kabisa, siwafichi.

Pembe zake ziko gereji. Watoto wanazipenda. Mimi nikizitazama naona lile paja.

Kwa hiyo ndugu wa Tanga, ukiwa peke yako, kilomita tatu ndiyo mpaka wako. Na anza kutoa ngozi na kufungua nyonga zote mbili kabla ya kitu kingine chochote.

KijanaWaTanga
Pole sana kaka. Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwa hiyo safari tano kwa mtu mmoja?

Mtu_wa_Nyarugusu
Nyama isiyo na mifupa ni kilo 90 hadi 110. Gawanya mwenyewe. Na kichwa chenye pembe kinatoka mwisho. Huko Colorado kuchukua pembe na kuacha nyama ni kosa la jinai zito, waulize wenzako.

Bonde_la_Ufa
Ni kweli. Na ushahidi wa jinsia ya mnyama ubaki umeshikamana na nyama mpaka ufike nyumbani.

Mama_Salma
Kaka zangu, naona kichwa cha habari kinasema "dume lolote halali". Mnakusudia halali ya jimbo au halali ya dini? Mume wangu anawinda na swali hili kwetu ni la kweli.

Nyayo_za_Asubuhi
Dada, hapa ni ya jimbo. Vitalu vingi vya Colorado vinataka dume lenye ncha nne au zaidi upande mmoja, au ncha ya juu ya jicho yenye urefu wa inchi tano. Wa pembe za mikuki haruhusiwi. Kwa hiyo hakikisha kwa darubini kabla ya kugusa bunduki.

Msafiri_Minnesota
Ya dini: lazima umkute hai umchinje. Mzoga ni mzoga.

Mama_Salma
Hapana, shekhe wetu alitufundisha vingine. Ukitaja jina la Mungu wakati wa kupiga, na risasi ikatoboa, akafa kabla hujamfikia, ni halali. Ukimkuta bado hai ndipo unapaswa kumchinja. Kinachoharamisha ni kuacha kutaja kwa makusudi, au mnyama akafa kwa kitu kingine, kama kuanguka majini.

Msafiri_Minnesota
Kwa mshale nakubali. Kwa risasi wanazuoni walihitilafiana.

Mama_Salma
Walihitilafiana, na wengi wa siku hizi wanaruhusu kwa sababu inatoboa. Kila mtu amuulize anayemwamini. Jambo jingine, kateni sampuli ya kichwa mpeleke kupimwa ule ugonjwa wa prioni unaokondesha kulungu. Uko Colorado, na wakubwa wa afya wanashauri nyama iliyokutwa nao isiliwe. Sisi hatuli mpaka majibu yarudi.

Podo_na_Mshale
Mbona hakuna aliyemtajia upinde? Septemba elki wanalia, wako kwenye msimu wa kupandana, dume kubwa linakuja lenyewe ukiita vizuri. Mwishoni mwa Oktoba madume yamechoka, yamejitenga, yamenyamaza, na milio ya bunduki ya siku ya kwanza imeyasukuma kwenye msitu mzito au shamba la mtu. Anayetaka pembe aende Septemba.

Bonde_la_Ufa
Mtu wa mara ya kwanza na upinde, Podo? Atamjeruhi. Mimi ningemwambia atafute kibali cha jike kilichobaki baada ya droo. Jike ni nyama laini, na atajifunza upepo, nyayo na kubeba. Pembe zitakuja mwaka wa tatu.

Podo_na_Mshale
Jike hatampendeza mzee wake.

Nyayo_za_Asubuhi
Mzee wake alikuwa askari wa wanyamapori. Mtu wa namna hiyo atauliza alipigwa umbali gani na alichukua dakika ngapi kufa.

KijanaWaTanga
Nimesoma zote, asanteni. Nikiri bado moyo unataka sita kwa sita. Labda siku tatu za kwanza nisubiri, siku mbili za mwisho nipige dume lolote la kisheria?

Nyayo_za_Asubuhi
Geuza. Siku ya kwanza ndiyo nafasi yako bora, kabla hawajakimbia. Mwaka wangu wa kwanza karibu na Flat Tops, milima ya huku Colorado, niliacha nne kwa tano asubuhi ya ufunguzi kwa sababu hiyohiyo. Siku sita zilizofuata niliona mikia ya majike tu.

Msafiri_Minnesota
.308 inatosha kweli kwa elki?

Bonde_la_Ufa
Inatosha. Sheria inaanzia kipenyo cha .24 na risasi yenye uzito wa greni 85. Ajizoeze mita 200 akiwa ametoka kukimbia, siyo mezani. Tanga, mafunzo ya usalama wa uwindaji umefanya? Bila cheti huuziwi leseni.

KijanaWaTanga
Sijafanya. Nilijaribu kujiandikisha, madarasa ya karibu yamejaa hadi Juni.

Mama_Salma
Kuna ya mtandaoni, mume wangu alimaliza kwa usiku mbili. Na huyo binamu, anakuja kweli au bado ni "labda"?