Kuhama systemd kwenye dawati: nani aliyesema ni amri moja tu?

Wadau salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Nina kiduka cha taipu na fotokopi hapa Langoni, Lamu. Kompyuta moja ya mezani yenye Debian 12 (mfumo wa Linux) na XFCE (dawati lake, yaani madirisha na menyu), printa, na UPS kuukuu ambayo betri yake haikai. Stima ikikatika lazima nizime mashine upesi. Na systemd, programu inayowasha na kuzima huduma zote za mashine, mwaijua: huduma moja ikikataa kufa, yangojewa sekunde 90 nzima, huku vinyota vyekundu vyaenda kushoto na kulia kwenye kioo na UPS yapiga mayowe. Msiniambie nipunguze DefaultTimeoutStopSec, yaani muda huo wa kungoja, hiyo nilishaipunguza zamani. Mimi nilitaka skripti ninayoweza kuifungua nikaisoma nikajua kinachowaka na kinachozimika. Nikaamua kuhamia OpenRC, yenye kazi hiyohiyo kwa skripti za kusomeka.

Kila niliyemuuliza: "Amri moja tu yakhe, weka sysvinit-core na openrc, washa upya, kwisha." Kwisha! apt, amri ya kuweka programu, ilipotoa orodha ya vitu vitakavyoondolewa, nusu ya dawati langu ilikuwa humo. Mpaka uitaje libpam-elogind, kifurushi kinachoshika nafasi ya kile cha systemd, kwenye amri hiyohiyo ndipo yatulia. Hilo nani kati yenu alilisema?

Haya, mashine ikawaka. Wifi hakuna. Sababu yake ndiyo iliyonipandisha presha: wanaotunza NetworkManager, programu ya kuunganisha wifi, ndani ya Debian walishaiondoa skripti yake ya kuanzia, na skripti zilizotupwa namna hiyo zimekusanywa kwenye kifurushi kiitwacho orphan-sysvinit-scripts. Yatima, wameziita wenyewe. Kifurushi kiko wapi? Kwenye intaneti. Yaani ili upate mtandao uwe na mtandao. Nikachomeka simu kwa waya, nikapiga kwa mkono dhclient, amri ya kuomba anwani ya mtandao, na bi mkubwa mmoja kasimama mlangoni na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, ataka kopi mbili. "Mwanangu, hiyo yasoma nini muda wote huu?" Ningemjibu nini?

Wifi ikarudi, flashi ikagoma. Kila mteja akileta flashi, kompyuta yadai nenosiri la root, mkuu wa mashine. Kitufe cha kuzima nacho kimefifia, hakibonyezeki. Kumbe polkit, mlinzi wa ruhusa, kabla ya kukuruhusu chochote, huuliza kwanza: huyu aliyeko mbele ya kioo ni nani? Mwenye jibu alikuwa logind, na logind ni mtoto wa systemd. Badala yake ni elogind, ambayo kwangu ilikuwa imewekwa lakini imelala mpaka nilipoiandikisha mwenyewe kwa rc-update, amri ya OpenRC. Maelekezo niliyopewa hayakuwa na hata neno moja kuhusu hilo.

Na mjue, OpenRC yenyewe sina neno nayo. Yawasha vizuri, yazima upesi, faili zasomeka. Shida ni hawa waliojenga dawati. Umebadilisha nahodha, halafu waambiwa tanga, usukani na nanga vyote vimeandikishwa kwa jina la nahodha wa zamani.

Wala hili si la jana. Februari 2014 kamati ya kiufundi ya Debian iligawanyika sawa kwa sawa juu ya mfumo wa kuwashia mashine, mwenyekiti ndiye aliyekata shauri kwa kura yake, na Debian 8 ikatoka Aprili 2015 na systemd ndani. Desemba 2019 wakapiga kura tena: systemd iwe mbele, mifumo mingine iruhusiwe kuchunguzwa. Kuchunguzwa! Mimi nina wateja, sina maabara. Waliotangaza Devuan, tawi la Debian, mwishoni mwa 2014 ili waikwepe systemd, toleo lao la kwanza thabiti lilitoka 2017. Watu waliobobea imewachukua zaidi ya miaka miwili kung'oa mizizi hii, na nyie mwaniambia amri moja.

Najua kuna atakayesema "si uweke Devuan, au Void, Linux nyingine yenye runit badala ya systemd." Sawa, nami nitaishia huko labda. Lakini bando la kushusha mfumo mzima nanunua mimi, na duka nalifunga mimi siku hiyo, si wewe.

Bado sauti. PipeWire, programu ya sauti, ilikuwa yawashwa na systemd ya mtumiaji, sasa haiwashwi na yeyote. Nikiwasha kwa mkono, mara yalia mara haisikiki, nadhani ni wireplumber, msimamizi wake, yatangulia kabla ya wakati wake. Mwenye faili ya autostart ya XFCE inayowasha pipewire, wireplumber na pipewire-pulse kwa mpangilio, tafadhali aiweke hapa nzima, si kipande. Na atakayeniuliza "kwani systemd ilikukosea nini", asome uzi tangu juu.