Tupeane uzoefu: umewashirikishaje watumishi wenzako kutunza mazingira kazini?

Mwanzisha uzi (afisa mazingira, Tabora)

Mwangaluka wadau. Mimi ni afisa mazingira katika halmashauri moja ya mkoa wa Tabora, huu mwaka wa tisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo inayotaka kila halmashauri iwe na mtu wa namna yangu, na muda wetu mwingi unaishia nje: vijijini, sokoni, machinjioni, dampo. Jengo letu wenyewe nililisahau. Leo naomba tuwaache wananchi pembeni, tuzungumze tunavyoishi sisi watumishi humo maofisini.

Naanza na la kwangu. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulikuwa tunapanda miti uani kwa ofisi. Mgeni rasmi anamwagilia kopo moja, picha zinapigwa, tunatawanyika. Anayeijua Tabora anajua kwamba mvua zinakata kwenye Aprili na hazirudi mpaka Novemba huko. Mche ukiupanda Juni bila mtu wa kuumwagilia, umeuzika. Jua likiushindwa, mchwa wanamalizia. Nami nilikuwa nawalaumu wenzangu kwamba hawana moyo.

Mwaka mmoja mama mhudumu wetu, mtu mzima, alisimama na ndoo yake akaniuliza: "Mwanangu, hii miti mnayopanda kila mwaka kwenye mashimo yale yale, ni ya nani?" Nikakosa la kusema. Mashimo yalikuwa yale yale kweli, tunafukua tu udongo uliokwisha kulainika.

Desemba iliyofuata, ardhi ikiwa imeshashiba maji, sikuandika barua wala tangazo. Nilipita meza kwa meza: unataka mti gani, na unautaka wapi? Mhasibu alitaka mwembe nje ya dirisha lake, maana jua la saa tisa linampiga usoni. Dada wa mapokezi alitaka mwarobaini pale wanapokaa wananchi kusubiri. Mzee wa ardhi peke yake ndiye aliyetaka mninga, akasema hataukalia kivuli chake lakini anautaka. Mimi nilikuwa na orodha yangu ya miti ya asili. Niliikunja nikaiweka mfukoni.

Yule mama ndiye aliyetufundisha kulea. Jivu linazungushwa shinani kwa ajili ya mchwa. Majani makavu ya kutunza unyevu yanakaa mbali kidogo na shina, maana ukiyabananisha umewaalika mchwa wenyewe. Maji ya kunawia mikono yanakingwa kwenye beseni, jioni yanakwenda kwenye mche. Matawi ya miiba yanazuia mbuzi. Kiangazi kilichofuata iliyokufa ilikuwa michache kuliko iliyopona, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye uwanja ule. Mhasibu alipohamishwa, kwenye makabidhiano yake aliandika funguo, majalada na mwembe mmoja. Aliyempokea akasaini.

Karibuni. Semeni na yaliyowashinda.

Dereva wa serikali

Afisa, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Mimi nitasema jambo ambalo wengi tunalijua na hatulisemi.

Nimeendesha magari ya halmashauri miaka mingi. Tukienda vijijini kwenye miradi, kurudi ni mkaa. Magunia mawili ya afisa huyu, moja la mwenzake, na mimi langu. Tunafunika turubai. Siku moja tulikuwa na kikao cha kijiji cha uhifadhi wa misitu, wataalamu wakaongea vizuri sana kuhusu miombo, nyuki na vyanzo vya maji. Tukaondoka. Mbele kidogo tukapakia magunia kwa mtu wetu. Nikiwa nafunga kamba akapita kijana anasukuma baiskeli tupu. Akasimama. Akasema, "Kaka, baiskeli hii juzi imekamatwa na mkaa. Magunia mangapi hayo?" Hakugombana. Aliuliza tu, akasubiri nimjibu, halafu akasukuma baiskeli yake akaenda.

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilimfuata mkuu wangu wa idara ofisini kwake, nikamwambia mzee, mimi kuanzia leo gari nitakayoendesha haibebi mkaa, hata wa kwako, na ukiona sifai nipangie kazi nyingine. Nilikuwa natetemeka. Alinyamaza kidogo, akasema "sawa". Baada ya wiki likaja agizo la mdomo kwa madereva wote. Kwa madereva wenzangu ilikuwa nafuu, maana hakuna dereva anayeweza kumkatalia bosi peke yake.

Kwa hiyo afisa, mtu akiniambia elimu kwa wananchi, namwambia aanze na nyuma ya gari.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu dereva, asante. Nimesoma mara mbili. Na mimi nimewahi kupanda gari la namna hiyo, nikakaa kimya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sisi wenye mshahara kila mwezi tukiwa bado tunapakia magunia, huyo wa baiskeli tutamwambia nini?

Masijala, Kigoma

Habari za kazi wapendwa. Mimi natoka upande wa karatasi na chupa.

Karatasi kwanza. Enzi za OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, kila mtumishi alikuwa na fomu yake ya tathmini, ya karatasi, na nakala zake. Masijala tulikuwa hatuna pa kukanyaga. Tulipohamia PEPMIS, ambao unafanya kazi hiyo hiyo kwenye kompyuta, nikafurahi, nikajua tumepona. Lakini watu walianza kuchapisha kilichomo kwenye mfumo ili kikae kwenye jalada! Nikiuliza, naambiwa "mkaguzi akija je?" Hiyo ni hofu ya haki, siyo uzembe. Nilichofanya ni kukaa na mkaguzi wetu wa ndani, akatuambia mbele ya watu ni nyaraka zipi anazihitaji kwa karatasi na zipi anazisoma kwenye mfumo. Tangu siku ile rimu zinakaa.

Karatasi za upande mmoja nazikata nne, nashona kwa stepla, zinakuwa vitabu vya kuandikia rasimu za madokezo. Angalizo: chochote chenye jina la mtumishi, mshahara, nidhamu au ugonjwa hakiingii humo. Kinachanwachanwa. Nilikuta siku moja karatasi ya nidhamu ya mtu imefungiwa maandazi mtaani, sitasahau.

Sasa chupa. Kila kikao, kila kiti chupa mbili za maji. Kikao kikiisha meza imejaa chupa zilizonywewa nusu. Na mji wetu umeinamia ziwa, mvua ikinyesha kinachobaki kwenye mtaro kinateremka Tanganyika. Tukapendekeza majagi na glasi. Tulipigwa vita kweli. Wengine waliona wamedharauliwa, wengine waliogopa maji yenyewe, na Kigoma kipindupindu si hadithi, hofu yao naielewa. Tukachemsha maji, majagi yakawekewa vifuniko, glasi zikaoshwa kwa maji moto, na mama wa jikoni akaruhusiwa kueleza yeye mwenyewe kwenye kikao jinsi anavyoyaandaa. Mwenyekiti akamimina, akanywa wa kwanza. Yakaisha.

Muuguzi, kituo cha afya

Sisi wa afya nasi ni watumishi wa halmashauri, mnatusahau. Kutenganisha taka kwetu ni kazi ya kila saa: sindano kwenye boksi lake, zenye damu kwenye ndoo yake, za kawaida kwenye yake. Sijaona mwenzangu anabishana, kwa sababu kila mmoja anamjua mtu aliyechomwa na sindano iliyotupwa ovyo. Mtu yule yule akienda chumba cha chai anatupa ganda la ndizi na chupa ndoo moja. Huko hakuna aliyemwambia taka zinakwenda wapi. Nilimpeleka mganga wetu akaone shimo la nyuma lilivyojaa na moshi wa chupa unavyoingia wodi ya wazazi upepo ukigeuka. Wiki ile ile ndoo ya chai ikawa mbili.

Mtendaji wa kata

Naheshimu michango yote lakini ngoja niseme ukweli. Ofisi yangu haina umeme. Nikija semina naambiwa nizime taa na kompyuta nikitoka. Ipi? Nina meza, viti viwili na kabati. Halafu malengo ya miti yanashuka: kila halmashauri imewekewa miti milioni 1.5 kwa mwaka, yanagawanywa mpaka yanafika kwangu, na viriba sina, bomba sina. Mtendaji mwenzangu anaandika namba ili apone. Siwezi kumhukumu.

Nilichoweza ni kimoja. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, badala ya kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, tulichanga mimi, afisa ugani na walimu wa jirani, tukaweka mfereji wa bati na tanki dogo kwenye paa la ofisi. Maji yale ndiyo yanayoendesha kitalu chetu. Kitalu kina miche mia mbili na kitu, nami naandika mia mbili na kitu. Nilishaitwa kujieleza mara moja.

Mwanzisha uzi

Mtendaji, shikilia hapo hapo. Na mimi nitakuwa na kazi ya kwenda kuwaambia walio juu yangu kwamba namba ya kweli ya kata yako ni bora kwetu. Nitaanza kuhesabu ya kwetu kwa iliyo hai mwezi Oktoba, siyo iliyopandwa.

Dada wa masijala, zile chupa zilizokuwa zinabaki, mlizifanya nini?

Masijala, Kigoma

Kaka, wahudumu wanazikusanya kwenye gunia chini ya ngazi, akija mnunuzi anapima kwa kilo, hela ni yao, hatuigusi. Walikuja juu kidogo majagi yalipoanza, maana kipato kilipungua, na hatukuwa tumewauliza. Sasa wanauza na maboksi na karatasi zilizochanwa. Mkianza huko kwenu, kaeni nao kwanza.