Naomba ushauri: panya wa SHR wenye presha nilinganishe na nani?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu jeni zinazofanya kazi kupita kiasi, au zilizozorota, kwenye ubongo wa panya wenye shinikizo la juu la damu. Nawalenga SHR (kifupi cha Kiingereza cha panya wenye presha ya kujitokea), wale waliozalishwa Kyoto, Japani, na watafiti Okamoto na Aoki, taarifa yao ikatoka 1963. Hawa presha huwapanda wenyewe bila chumvi wala upasuaji. Nataka kupima RNA (nakala zinazoonyesha jeni ipi inafanya kazi) ya haipothalamasi na shina la ubongo, maana huko ndiko neva zinazobana mishipa ya damu zinakoamriwa.

Kinachoninyima usingizi ni kundi la kulinganisha. Wengi hutumia WKY (Wistar-Kyoto, jamaa wa SHR wenye presha ya kawaida), lakini panya hao waligawiwa kwa wafugaji kabla ukoo wao haujatulia, yaani kabla hawajafanana kijeni, kwa hiyo WKY wa mfugaji mmoja si sawa kabisa na wa mwingine. Nikikuta jeni mia zimetofautiana, nitajuaje ni za presha na si za ukoo tu?

Halafu kuna umri. Nikipima wakiwa na wiki nne, presha haijapanda sana, nina nafasi ya kuona chanzo. Nikisubiri wakomae, nahofia nitaona ubongo ukijibu presha. Nimewaza kuongeza SHR wanaopewa dawa ya kushusha presha tangu wadogo, ila bajeti ni finyu mno.

Aliyewahi kufanya kazi hii, ungepunguza kundi lipi? Wistar wa kawaida, wale panya wa maabara, wanaweza kusaidia kama kundi la tatu?