Tupeane uzoefu: uliwahi kubadili chama kati ya uchaguzi mmoja wa urais na mwingine?

Mtoto wa Kibaigwa: Wakuu, leo kwenye daladala ya Sabasaba jamaa kasema anayehama chama ni njaa tu. Imeniuma. 2010 nilimpa Kikwete wa CCM, 2015 Lowassa aliyehamia CHADEMA, na sikupewa hata soda. Waliohama, nini kiliwasukuma?

Zabibu Hombolo: Mimi vilevile. JK, kisha Lowassa.

Mwana wa Balozi: Acha niseme. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi huku Kongwa tangu enzi za chama kimoja. Julai 2015 jina la Lowassa linakatwa pale Dodoma, mimi bado nimevaa kijani cha CCM. Kilichonitoa ni mahindi. Tulikopwa, tukazungushwa malipo mpaka mdogo wangu akakosa ada. Nikarudisha kadi mkutanoni, jina likasomwa kwenye spika, mzee analisikia akiwa uani. Hakunigombeza. Alimwambia mama, "Mwambie mgeni wako chakula tayari." Basi nikawa mgeni kwetu hadi uchaguzi ukapita. Machi 2019 Lowassa karudi CCM, mzee akapiga simu: "Dereva kageuza gari, nyie abiria mko porini." Nikamwambia, "Baba, mimi nilifuata hela ya mahindi, na mpaka leo hatujalipwa." Akakata.

Dada wa Chang'ombe: Hapo kwenye "mgeni wako" nimelia. Mama alisemaje?

Kada Mtiifu: Mnafuata watu, si sera. 1995 mlimfuata Mrema alipohama CCM kwenda NCCR, akapata karibu asilimia 28. Wako wapi?

Hesabu Mpwapwa: Wangekuwa wanamfuata mtu, 2000 wangemfuata kwenye chama chake kipya, TLP. Hakufikisha hata asilimia 10. Tena si kila kura iliyopotea imehama: kati ya 2005 na 2010 CCM ilipungukiwa kura karibu milioni 4, CHADEMA ikaongeza kama milioni 1.6. Wengi walibaki nyumbani.

Kada Mtiifu: Walibaki kwa sababu walijua tunashinda.

Hesabu Mpwapwa: Au walichoka, mkuu. Waulize.

Bibi wa Bahi: Wanangu, kadi tunza kabatini, kura peleka unakotaka. Ni siri yako.

Zabibu Hombolo: Hapana bibi, ukihama, hama mchana kweupe, wasikuite msaliti.

Mwana wa Balozi: Dada, mama hakusema kitu. Ila nyama yangu ilikuwa inafichwa chini ya ugali.