Mjadala: Mitandao ya kijamii ni mchezo, au imeazima tu ubao wa matokeo?

Wakuu, salaam. Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X na YouTube zimo. Roblox, jukwaa la gemu za mtandaoni, haimo, kwa sababu kanuni za sheria hiyo zinaziacha huduma ambazo kazi yake pekee au kuu ni watu kucheza gemu mtandaoni. Haya, Roblox ina marafiki, ina gumzo, na mtoto anakutana humo na watu asiowajua. YouTube mtoto anaweza kutazama saa nzima bila kumwambia mtu neno. Ya kwanza imepita kwa kuitwa mchezo, ya pili mtoto amezuiwa kuwa na akaunti yake.

Uchina walienda kinyume. Tangu Septemba 2021 wenye umri chini ya miaka 18 wanaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Huko gemu ndiyo iliyobanwa. Kwa hiyo swali la "mchezo ni nini" si la wanafalsafa peke yao.

Kiswahili chetu hakitusaidii sana. Tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza ngoma, mtu anakuchezea akili, na jambo zito tunasema si mchezo. Nadhani ndiyo maana vijana waliazima "gemu", wapate neno lisilobeba mizigo yote hiyo. Kijerumani nacho kina neno pana vilevile, na mwanafalsafa Wittgenstein alilitumia katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, baada ya kifo chake: tafuta kitu kimoja kilichomo katika michezo yote, hutakiona, utaona kufanana kwa hapa na pale, kama ndugu wa ukoo mmoja, huyu pua, yule mwendo. Mwaka 1978 mwanafalsafa mwingine, Bernard Suits, akambishia kwamba kipo: kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Mimi hapa namwelewa Suits. Ungetaka tu mpira uingie wavuni, ungeubeba kwapani usiku, uwanja ukiwa mtupu, ukauweke.

Binamu yangu, ambaye gemu kwake ni kama kazi ya pili, anasema basi kesi imekwisha. "Una alama, una wafuasi wa kuhesabu, una wapinzani, na zamani Twitter, hii X ya sasa, ilikubana kwenye herufi 140. Hicho si kikwazo kisicho cha lazima?" Hoja nzuri, ila mfano wa mwisho haukumsaidia. Herufi 140 zilitokana na ujumbe wa simu, ambao mwisho wake ni herufi 160. Zilizobaki ziliachiwa jina la mtumiaji. Ule ulikuwa ufinyu wa chombo, hakuna aliyeubuni ili tuuchezee. Kuhusu alama, binamu ana mwenzake mzito: mwanafalsafa C. Thi Nguyen amehoji kwamba Twitter inayageuza mazungumzo kuwa kitu cha kuwania pointi, na kwamba ukishazizoea, unaanza kutaka zile pointi badala ya kile ulichokuja kusema.

Hilo nimelionja mwenyewe. Mtu mmoja aliandika kwa uchungu kwamba ameachishwa kazi, na ndani ya maneno yake kulikuwa na kosa la tahajia la kuchekesha. Nikaandika jibu. Nikalifuta. Nikaandika la pili, nikaondoa sentensi ya kumpa pole kwa sababu ilikuwa inapunguza makali. La tatu likawa fupi kama kofi, nikalituma. Nusu saa nzima nikawa navuta skrini kwa kidole gumba, naachia, nahesabu alama. Zilikuja nyingi. Yule bwana hakujibu.

Na hapo ndipo naachana na binamu. Mimi nasema mitandao si mchezo, na sababu yangu si zile zinazotajwa kila siku. Eti inaleta uraibu? Gemu nazo zinaleta. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake inayotumika tangu Januari 2022. Eti haina kipenga cha mwisho? Gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft ipo tangu 2004 na watu bado wamo. Eti alama zake zinakufuata nje? Mchezaji wa kulipwa alama zake ndizo zinazomlisha.

Sababu yangu ni makubaliano. Nikimla malkia wako kwenye sataranji sijakuibia, na ukinidanganya kwa macho kwenye karata hujawa mwongo, kwa kuwa wote tulikaa mezani tukijua tumekalia nini. Yule aliyeachishwa kazi hakukaa mezani. Mimi nilikuwa nacheza, yeye alikuwa anazungumza. Mchezo ambao mmoja wa waliomo hajui kwamba umeanza, kwangu una jina lingine.

Nakubali kwamba ndani ya mitandao michezo ipo. Watu wawili wanaotaniana hadharani huku wanajuana, au maelfu wanaoigiza video moja kila mtu kwa mtindo wake, wale wanacheza kabisa. Lakini posti inayofuata ni ya msiba, na ubao wa matokeo ni uleule.

Kipimo hiki kinazikata gemu pia, sizionei haya. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati yaliyouzwa ndani ya baadhi ya gemu, unalipia bila kujua kilichomo, ni kamari kinyume cha sheria. Mtoto alikubali kucheza mpira wa kwenye skrini, hakukubali kamari. Ndiyo maana mstari wa Australia naona umepita pabaya: umeangalia programu inaitwaje, haukuangalia mtu akiingia humo anatendewa nini.

Sasa niwape wenyewe jiwe la kunipigia. Mpwa wangu ana rafiki ambaye wanatumiana picha kila siku kwenye programu inayohesabu siku mfululizo. Ukikosa moja, hesabu inarudi sifuri. Wote wawili wanajua, wote wamekubali, kwa hiyo kwa kipimo changu ni mchezo halali. Mpwa alipokwenda mahali pasipo na mtandao alinipa neno lake la siri, akaniomba kwa macho mekundu nisiiache ile namba ife. Siku nne nilipiga picha ya dari ya chumba changu. Kutoka upande wa pili zilikuja picha za giza tupu, moja kila jioni, na hadi leo sijui kama aliyezituma ni yule rafiki au ni mjomba wake.